Leseni ya Utani Inaishia Tunduma: Mwongozo Kamili kwa Mmisionari Anayetumwa Nje Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Mchungaji aliyekuwa akivunja watu mbavu Tukuyu anafika Bavaria, kusini mwa Ujerumani, anasema neno lile lile, na kanisa linanyamaza kama limemwagiwa maji. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu anaandika nyumbani kwamba watu wa huko wamekauka na imani imewaisha. Mwezi wa tano yeye mwenyewe hacheki tena, na sala zimekuwa kazi ya ofisi.

Malalamiko haya yanajirudia mno, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: mtu amesafiri na mizaha yake lakini ruhusa ya kutania ameiacha nyumbani. Zifuatazo ni hatua za kuitafuta ruhusa hiyo upya, na za kulinda imani wakati bado hujaipata. Zinamfaa mchungaji, mtawa, mwinjilisti na hata kijana wa kujitolea wa mwaka mmoja. Mifano mingi ni ya Ujerumani, Uswidi na jimbo la Minnesota kule Marekani, kwa kuwa sharika zetu nyingi zina udugu na huko, na michache ni ya majirani zetu Zambia na Malawi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya safari

- Kijitabu cha kuingia mfukoni na kalamu mbili. Simu haifai kwa kazi hii. Ukiitoa katikati ya mazungumzo, mwenyeji anadhani umechoka naye.
- Biblia mbili: ya lugha unayosalia ukiwa peke yako, na ya lugha ya wenyeji.
- Nyimbo kumi unazoziimba bila kitabu, angalau tatu za Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kikinga au lugha yoyote uliyonyonya nayo.
- Saa ya mkononi yenye mishale. Sababu iko kwenye Hatua ya 2.
- Picha 8 hadi 10 zilizosafishwa kwenye karatasi: familia, jiko lenu, mvua ya Rungwe, kwaya, mnada wa kanisani. Acha picha za watoto waliochanika nguo. Hizo huanzisha michango, na wewe unachotaka ni kuanzisha maongezi.
- Kanga tatu za zawadi. Soma maandishi yake kabla ya kulipa. Baadhi ya kanga ni vijembe vya mke mwenza, na siku moja mgeni mwingine kutoka Tanzania atamtafsiria mama mchungaji ulichomvika.
- Majani ya chai ya Mufindi au Rungwe, na kahawa ya Mbozi iliyokaangwa. Nyama na maziwa usibebe kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, vitachukuliwa uwanja wa ndege.
- Jina la mtu mmoja nyumbani utakayemwambia ukweli. Asiwe askofu, mkuu wa jimbo wala mtu yeyote anayesaini posho yako.

## Hatua ya 1: Chora mipaka ya utani wako kabla hujaondoka

Nyumbani kipaji peke yake hakimpi mtu haki ya kuchekesha. Tunachekesha kwa ruhusa. Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa: mtani wa Mhehe akimuuliza mbwa wa jirani kapotelea wapi, Mhehe anacheka na kurudisha kubwa zaidi. Maneno hayo hayo yakitoka kwa asiye mtani ni tusi, na yanaweza kufika kwa balozi wa nyumba kumi. Ndivyo ilivyo kwa babu na mjukuu, na kwa mashemeji. Msibani mtani anaweza kuigiza alivyotembea marehemu, akazuia jeneza hadi apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayemshangaa, kwa sababu kila mtu anajua yeye ni nani pale.

Fanya zoezi hili kwa dakika 20. Andika majina ya watu kumi unaotaniana nao sana. Mbele ya kila jina andika ni nini kinachokupa haki hiyo: kabila, ukwe, rika, kusoma pamoja, kuimba kwaya moja. Utaona kwamba karibu haki zote ulizaliwa nazo au zilikuja kwa ndoa. Hizo hazigongwi muhuri kwenye pasipoti pale mpakani Tunduma.

Kwa majirani mambo ni nafuu kidogo. Zambia nao wana utani wa makabila, na Wabemba na Wangoni wa huko wanajulikana kwa hilo. Mnyakyusa anayevuka Kasumulu kwenda Karonga atawakuta Wangonde, ambao lugha zao karibu zinaelewana. Hata hivyo, kuelewa utani hakukufanyi mtani. Subiri uingizwe.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja, bila kufikiri, mizaha mitatu uliyoizoea ambayo hutaitumia kabisa huko uendako.

## Hatua ya 2: Siku 30 za kwanza, chekwa wewe

Mgeni ana mzaha mmoja tu anaoruhusiwa popote duniani, nao ni makosa yake mwenyewe. Habari njema ni kwamba makosa hayatakosekana. Kazi yako ni kuyajua mapema, ili yakitokea uyapokee kama ulikuwa unayasubiri.

Saa. Sisi tunahesabu kutoka mapambazuko, wao kutoka usiku wa manane. Ukiambiwa "nine" au "neun" ni saa 3 yetu. Ukitafsiri neno kwa neno utapotea kwa saa 6 kamili. Ndiyo maana ya saa yenye mishale: soma namba iliyoandikwa kwa ajili yao, kisha soma iliyo upande wa pili kwa ajili ya akili yako. Mtego wa pili ni Kijerumani cha nusu. "Halb drei" ni saa 8:30 mchana, yaani nusu ya *kuelekea* saa yao ya tatu. Wengi husikia saa 9:30, wakafika wakati watu wanaosha vikombe. Kiswidi nacho ni hivyo hivyo. Mwingereza akisema "half three" anamaanisha saa 9:30. Ukikutana na wote wawili kwenye kikao kimoja, omba waandike kwenye karatasi.

Saa zinazohama. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Wamechagua Jumapili, kana kwamba wanawawinda wahubiri. Andika tarehe hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu.

Maneno. Usiandike "gift" kwenye kifurushi unachompa Mjerumani, maana kwake hilo ni sumu. Kwa Mswidi ni sumu na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa, na utani wa hapo wameshautania wenyewe kabla hujazaliwa. Ukisikia joto Ujerumani sema "mir ist heiß". Ukisema "ich bin heiß" umetangaza tamaa za mwili, na ukilisema mbele ya kikundi cha akina mama litakufuata hadi unaondoka.

Heshima zinazogeuka kuwa matusi. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu nia yao ni njema. "Umenenepa!" kwetu ni pongezi. Huko umemwambia mama wa watu kwamba amepoteza umbo. Kumwita mtu mzee kwetu ni kumpa kiti. Huko ni kumsukuma kaburini. "Pole" ukiitafsiri kwa Kiingereza kama "sorry" mtu aliyejikwaa atakuuliza kwani wewe ndiye uliyemsukuma. Nawe ukiaga kwa "I'm coming", yaani nakuja sasa hivi, watabaki mlangoni wakikusubiri uingie wakati unatoka.

Kosa likitokea, fanya hivi kwa mpangilio: simama, rudia neno sahihi, cheka mara moja, endelea na ulichokuwa unasema. Ukicheka mara tatu kwa kosa moja unaanza kuwa kikaragosi wa usharika, na kikaragosi hapewi ibada ya mazishi.

Onyo. Usijicheke kwa umaskini, kwa rangi yako wala kwa nchi yako. Wasikilizaji wenye adabu wataona aibu, wasio na adabu wataamini, na hao wa pili watarudia maneno hayo mahali ambapo wewe hupo kuyafafanua.

Utajua umefanikiwa mwenyeji akianza kukusimulia kosa *lake* la lugha, la siku alipokuwa mgeni Iringa au kwingineko.

## Hatua ya 3: Tafuta mtani mmoja

Usitafute kupendwa na usharika mzima. Tafuta mtu mmoja. Kwa kawaida hapatikani kwenye halmashauri ya kanisa. Ni mtunza kanisa anayefungua milango, mama anayepika kahawa ya baada ya ibada, mstaafu anayekuendesha kwenda sokoni, au mtoto wa miaka tisa. Mtoto ni mwalimu bora kuliko wote, kwa kuwa hajui kukuficha.

Njia ni ya taratibu. Wiki ya kwanza na ya pili, saidia kazi yake bila kuongea sana: panga viti, futa meza, beba maboksi. Wiki ya tatu muulize swali hili: "Hapa kwenu watu hucheka nini?" Usiulize kwa nini hawacheki. Swali la pili linahukumu. La kwanza linaomba kufundishwa. Wiki ya nne na kuendelea, mletee sentensi moja uliyoisikia na hukuielewa, akuambie kama ilikuwa mzaha. Mizaha mingi ya kaskazini mwa Ulaya husemwa kwa uso mkavu, bila kuinua sauti, na mgeni huipita kama mtu anayepita nyumba isiyo na taa.

Ujerumani kuna alama ya wazi kwamba leseni imetoka. Watu wazima wasiozoeana huitana "Sie", na mkubwa kwa umri ndiye anayependekeza mhamie kwenye "du". Usipendekeze wewe. Siku akikwambia, ujue mlango wa utani umefunguliwa, ingawa ni kwake tu, si kwa mkewe. Uswidi alama hiyo haipo, kwani wao huitana "du" tangu siku ya kwanza. Huko subiri kualikwa nyumbani. Minnesota ni mtego wa aina yake. Watakuita kwa jina lako la kwanza, watacheka nawe dakika ya pili, nawe utadhani mmeshakuwa ndugu. Hapana. Huo ni ukarimu wa mlangoni, kama sisi tunavyomwambia kila mtu "karibu chakula".

Usimgeuze huyo mtani kuwa mshauri wa roho, mkopeshaji na dereva kwa pamoja. Atachoka, nawe utampoteza mara tatu.

## Hatua ya 4: Kichekesho kwenye mahubiri

Hapa tukae, maana ndipo panapoharibikia.

Nyumbani kuna kazi mbili zinazogawana kicheko cha Jumapili. Mhubiri ana sehemu yake, lakini mwenye sehemu kubwa ni mzee wa mnada. Mnajua inavyokuwa: ibada imekwisha, watu wamesimama nje kwenye jua jembamba la asubuhi, mzee ameshika jogoo miguu juu. "Jogoo huyu anaamsha hata wasioamka kwa kengele. Elfu kumi ya kwanza!" Mwenyekiti wa kwaya anapanda. Mzee anamgeukia mhazini: "Wewe hesabu tunazijua, usituangalie hivyo." Mtu ananunua, anamrudisha jogoo kwa Bwana, jogoo anauzwa mara ya pili, ya tatu, kisha linafuata debe la viazi na mkungu wa ndizi. Hapo watu wamecheka, wametoa sadaka, na hakuna aliyeona kwamba hayo ni mambo mawili.

Huko unakokwenda hakuna mnada. Mhubiri akidhani anaweza kuubeba mnada mzima ndani ya mimbari, anaanguka. Kinachokaribiana na mnada ni kahawa ya baada ya ibada. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: robo tatu ya vichekesho vyako vihamishie kwenye kahawa. Mimbarini baki na kimoja, basi.

Na kimoja hicho kiandae hivi:

1. Andika kwa sentensi moja kinachochekesha. Kama kinakaa kwenye sauti ya neno la Kiswahili, kitupe. Mchezo wa maneno haupandi ndege.

2. Tazama nani anachekwa. Wanaoruhusiwa ni watatu: wewe mwenyewe, mtu wa kwenye Biblia, na hali ambayo kila mtu anaijua, kama kikao kisichoisha. Wasioruhusiwa: wake za watu, unene, wajane, madhehebu mengine, maradhi, taifa la wenyeji. Kichekesho cha "akina mama mnajua wenyewe", ambacho Mafinga kingeleta vigelegele, huko kitaletewa barua.

3. Pendelea vicheko vilivyomo ndani ya Maandiko. Jina Isaka linatokana na kucheka, na Sara anakiri hivyo kwenye Mwanzo 21:6. Punda wa Balaamu anaona malaika ambaye nabii mwenye mshahara hamwoni, Hesabu 22. Eliya anawauliza manabii wa Baali kama mungu wao amelala, 1 Wafalme 18:27. Hapa huhitaji leseni, kwa kuwa mwenyeji na mgeni wote mmezaliwa na hadithi hizo.

4. Pima urefu. Sentensi nne, nusu dakika. Ukihubiri kwa mkalimani muda unajirudia mara mbili, kwa hiyo sentensi mbili. Mpe mkalimani kichekesho kwa maandishi siku mbili kabla. Asiyepewa huwaambia watu tu kwamba mgeni amefanya mzaha, tafadhali wacheke, nao kwa adabu hucheka. Usidanganyike na kicheko hicho.

5. Jaribu kwa watu wawili siku ya Jumatano, mmoja aliyevuka miaka 60 na mmoja kijana. Jumamosi usiku ni kuchelewa, maana utakuwa umeshakipenda na hutakubali kukikata.

6. Kiseme bila kukitangaza. Usianze na "ngoja niwachekeshe". Kisha nyamaza kwa kuhesabu moja, mbili. Wakicheka, endelea. Wasipocheka, endelea vile vile. Kamwe usikifafanue.

Mfano mmoja kwa ukaribu. Somo ni Matendo 20:7-12, ambapo Paulo anaongea hadi usiku wa manane na kijana Eutiko anasinzia, anaanguka kutoka orofa ya tatu. Mhubiri mgeni anasema: "Paulo alihubiri hadi kijana akaanguka dirishani. Nimekagua madirisha yenu, yamefungwa vizuri. Hata hivyo nimepanga dakika 15." Kinafanya kazi kwa sababu tatu: anayechekwa ni mhubiri, woga wa wasikilizaji wa mahubiri marefu ya Kiafrika umetajwa bila kumlaumu mtu, na ahadi imetolewa. Ukifika dakika ya 16 umekiua. Na hiyo dakika 15 si mzaha: sharika nyingi za Ujerumani humaliza ibada nzima kwa muda wa saa moja hivi, na kuna mtu ameacha nyama kwenye oveni.

Mahali ambapo usiweke kichekesho: kabla ya maungamo, karibu na meza ya Bwana, na mazishini. Huko watani wa msibani hawapo. Kitu pekee kinachokaribiana nacho ni familia yenyewe kusimulia vituko vya marehemu. Waache wao wasimulie.

Pasaka ni siku nzuri ya kujaribu. Bavaria kwa karne kadhaa palikuwa na desturi ya wahubiri kuwachekesha waumini siku ya Pasaka kwa furaha ya kaburi kuwa tupu, hadi ikapigwa vita kwa kuvuka mipaka. Waulize wazee wa huko kuhusu "Osterlachen". Swali hilo peke yake linaweza kukupa jioni nzima ya mazungumzo.

Utajua umefanikiwa si kwa kicheko kikubwa kanisani, bali kwa mtu mmoja anayekufuata na kikombe mkononi, anakiendeleza kichekesho chako kwa sentensi yake: "Mchungaji, leo dirisha la kushoto lilikuwa wazi."

## Hatua ya 5: Mistari mitatu kila usiku

Kijitabu cha mfukoni kinaingia kazini hapa. Kila usiku, dakika tano, andika mistari mitatu tu: kosa la leo; aliyecheka au aliyetakiwa kucheka; na ombi moja linalotokana na hayo.

Mfano: *Nimefika saa nzima baada ya kikao. Bwana wa magongo akanionyesha saa yake, akacheka. Bwana, mguu wake.*

Sababu ya kuunganisha vitu hivi ni ya kivitendo. Aibu isiyosemwa hugeuka kinyongo kabla ya wiki kwisha, na mtu mwenye kinyongo huanza kusali *dhidi* ya usharika wake. Aibu iliyoandikwa na kuombewa hubaki kuwa ndogo kama ilivyokuwa. Pia, mwezi wa sita ukirudi nyuma utaona majina ya watu, wakati wewe ulidhani huna mtu.

Usiandike kurasa mbili. Atakayeandika kurasa mbili Jumatatu hataandika kitu Alhamisi.

## Hatua ya 6: Kamba ya nyumbani, isiwe fupi wala ndefu mno

Chagua somo moja la siku ambalo wewe na watu wa nyumbani mtasoma tarehe ile ile. Wamoravian wana urahisi hapa, kwani Herrnhut, kitovu chao kule Ujerumani, imekuwa ikichapa neno la kila siku tangu 1731 na linasomwa Rungwe kama linavyosomwa Ujerumani. Wengine watumie kalenda ya masomo ya kanisa lao. Kusoma mstari mmoja na mama yako aliyeko Makete kunashikilia roho kuliko simu ya saa mbili.

Simu ziwe mara mbili kwa wiki. Zidisha, na utaishi Tanzania ukiwa umelala Stuttgart. Hesabu ya saa ni hii: Ujerumani na Uswidi ziko nyuma yetu kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto. Minnesota iko nyuma kwa saa 9 majira ya baridi, 8 majira ya joto. Zambia na Malawi saa 1 mwaka mzima. Kwa hiyo jumuiya inayokutana Jumamosi saa 12:30 asubuhi Njombe, wakati wa baridi ni Ijumaa saa 3:30 usiku Minnesota, muda mzuri kabisa. Ujerumani ni saa 10:30 alfajiri. Shiriki mara moja moja, usijitie ujasiri.

Onyo kubwa: kundi la WhatsApp. Usitume huko mzaha kuhusu wenyeji wako. Ujumbe husambaa, na simu siku hizi zinatafsiri zenyewe. Sharika zenye udugu zina watu walio kwenye makundi ya pande zote mbili. Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Eneo la Saint Paul, kwa mfano, wana ushirika uitwao Bega kwa Bega, na bega likiwa karibu hivyo sikio haliko mbali. Kama lazima ucheke, chekea kijitabuni.

## Hatua ya 7: Kicheko kikikata

Mara nyingi hutokea kati ya mwezi wa pili na wa sita tangu ufike, na mbaya zaidi ukiangukia Novemba hadi Januari. Mtu wa Makete au Njombe hudhani baridi anaijua. Baridi anaijua kweli. Asichokijua ni giza linaloingia saa 10 jioni, na kanisa la viti 300 lenye wazee 14 waliokaa mbalimbali kama wamegombana.

Fanya haya. Toka nje kila siku kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, hata nusu saa, mwanga uliopo ni huo. Pika ugali mara moja kwa wiki na umwite mtu. Jumapili wahubirie hao 14 kwa majina yao. Usiwahubirie viti vitupu kwa kulaumu wasiokuja, maana waliokuja ndio watakaopigwa.

Kwenye sala, acha kujilazimisha furaha. Soma Zaburi ya 137, inayouliza wimbo wa Bwana utaimbwaje katika nchi ya ugeni, na isome kwa lugha ya mama yako, kwa sauti. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa bila kupata nafuu, na bado imo kwenye Biblia. Kisha imba mojawapo ya zile nyimbo kumi. Usipoweza kuimba, sema maneno yake.

Onyo. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali vizuri, huli, na hakuna kitu kinachokugusa, muone daktari na umpigie yule mtu wako wa ukweli siku hiyo hiyo. Huo si upungufu wa imani na haumalizwi kwa kufunga. Ukianza kufikiri kwamba ni heri usiwepo, usisubiri wiki mbili wala usubiri kesho.

## Hatua ya 8: Utani au dharau?

Utaulizwa kama simba wanapita barabarani kwenu. Wengi wanaouliza hawana ubaya. Mjibu kwa upole: "Wa kwetu wanakaa Ruaha. Mjini hawaji, nauli imepanda." Kisha toa picha ya Mwanjelwa, Mbeya, siku ya soko.

Lakini kuna maneno ambayo si utani. Jiulize matatu: Je, ningeweza kumrudishia mzaha wa ukubwa ule ule akacheka? Je, anausema mbele yangu tu, bila kuurudia nisipokuwepo? Nikimwambia umeniuma, anaacha? Majibu mawili yakiwa hapana, hiyo ni dharau. Usicheke ili kumfurahisha. Sema kwa sauti ya kawaida, "Hilo sikulipenda," andika tarehe na maneno yenyewe, na umweleze msimamizi wako kwa maandishi ndani ya wiki. Watu wetu wengi hutabasamu wanapoumizwa, kwa malezi mema, na wenyeji husoma tabasamu hilo kama ruhusa.

## Ukirudi

Utaombwa usimulie. Mzee wa mnada atakupa nafasi, watu watakaa tayari kucheka. Chagua vituko vitatu kutoka kijitabuni, vyote vile ambavyo wewe ndiye uliyekosea. Kabla ya kusimama, mtumie yule mtani wako wa kule ujumbe, umwambie unakwenda kumtaja na kisa gani. Akikujibu kwa kukusahihisha, simulia kama alivyosahihisha yeye.